Alama za Kola

Tangazo lilibandikwa ukutani juu ya bomba la maji, mahali ambapo lingelowa kabla halijasomwa. Sisi tunaojua tabia za ofisi hatukushangaa. Mwaka ule waliovunja soko, tangazo lilibandikwa ndani ya soko lenyewe, kwenye mlango uliokuwa umefungwa kwa miezi minane.

Aliyelibandua ni mke wa dobi. Mtaa mzima humwita Mama Pasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya jinsi anavyompitia mtu anayezungusha maneno. Alilitia vibanio viwili akalianika kwenye kamba, kati ya shuka za mwalimu na suruali za mlinzi wa benki. Lilipokauka akamwita mumewe.

"Baba watoto, njoo usome. Mimi nimesoma mara mbili, nataka kujua kama hasira zangu ni za haki."

Dobi akajifuta povu mikononi, akasoma kwa sauti. Kampuni ingejenga jengo la ghorofa kumi na mbili kwenye kiwanja cha ghala la zamani. Eneo la wazi lenye bomba, lililo jirani, lingekuwa lango la magari na maegesho. Mwenye pingamizi alilete ofisi ya mipango kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja.

"Eneo la wazi," alirudia. Akazitazama kamba zake sita, mabeseni manane, meza mbili za pasi chini ya paa la bati, na foleni ya ndoo za majirani bombani. "Kumbe sisi ni uwazi."

"Angalia tarehe," mkewe akasema.

Dobi aliangalia. Tangazo lilikuwa limeandikwa siku kumi na saba zilizopita. Zilibaki nne.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta huohuo, alitoka na wembe mkononi, akamwacha mteja kanyolewa nusu kichwa. "Ghorofa kumi na mbili! Basi nipandisheni huko juu nikawanyoe mawingu."

"Utanyoa wapi, na kibanda chako kimo kwenye lango?" Mama Pasi akamuuliza.

Kinyozi alitazama kibanda, akatazama tangazo, akarudi ndani bila utani. Mteja wake alinyolewa nusu ya pili kimyakimya.

Dobi hakuwa na ugomvi na ghorofa. Alisema hivyo siku hiyohiyo, na aliendelea kusema mpaka mwisho. "Wajenge hata ishirini. Watu wa ghorofani wanavaa mashati, na mashati yanachafuka. Lakini lango likae upande wa nyuma, kwenye barabara pana. Hapa gari likiingia, mimi natoka. Na nikitoka hapa sina pengine penye maji, jua na wateja kwa pamoja."

Hilo ndilo lililokuwa shida, wala halikuhitaji mtaalamu.

*

Binti yao alifanya kazi katika duka la fotokopi mkabala na ofisi ya mipango, na kwa kuwatolea watu nakala za fomu alikuwa anajua sheria kuliko wanaozisimamia. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimkabidhi baba yake kalamu mbili.

"Baba, sikiliza. Pingamizi la mtu mmoja wanalitupa. Ya watu mia mbili hawawezi kuyatupa, kapu litajaa. Pita nyumba kwa nyumba. Kila mtu jina lake, anapokaa, na neno lake moja. Umenielewa?"

"Mwanangu, mimi nimewajua watu hawa kabla wewe hujaota meno."

"Ndiyo ninachoogopa," binti akasema, akaondoka mbio.

Dobi akachukua daftari lake la kazi, lile refu lenye jalada jeusi, akaanza safari. Kwa siku tatu alipita akiwa na daftari kwapani, na Mama Pasi akafua peke yake mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyeokolewa mtoni. Alipita kwa mwalimu, kwa fundi wa redio, kwa mwuza mkaa, kwa wauguzi wanne wanaopanga chumba kimoja. Kila mlango alisema maneno yaleyale: lango liende nyuma, bomba na uwanja vibaki. Kila mlango waliitikia, naye akaandika.

Sasa, mtu asiyejua kazi ya dobi hataelewa alichoandika. Shati jeupe la mwalimu na shati jeupe la karani yakiingia beseni moja hayana tofauti. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake, ndogo kama punje, iliyochorwa ndani ya kola kwa wino usiotoka. Duara lenye mkia. Pembetatu yenye masikio. Dobi alikuwa na alama zaidi ya mia tatu kichwani, na kwa miaka thelathini aliwaona wenzake kwa alama hizo. Ukimtajia mtu kwa jina atakuuliza, "Yupi huyo?" Ukimchorea alama atakwambia mtu huyo ana jasho la upande gani.

Hivyo kwenye mstari wa jina alichora alama. Mkono wake ulizoea. Watu waliona, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa na sababu. Wakati wa soko, waliotia majina kwenye orodha ya kupinga ndio waliokuwa wa kwanza kutolewa vibanda, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule wa orodha. Mtaa haukusahau. Kwa hiyo dobi alipochora kimviringo badala ya jina, mtu alipumua, akasema, "Ahsante, mzee," akafunga mlango.

Siku ya nne asubuhi alikuwa na alama mia mbili na kumi na nne.

*

Katika ukumbi wa kungojea wa ofisi ya mipango kulikuwa na mfano wa jengo ndani ya sanduku la kioo. Miti ya sponji, magari madogo, na watu wa plastiki warefu kama njiti ya kiberiti, wote wamenyoosha migongo. Kinyozi, aliyemsindikiza rafiki yake, aliinamia kioo kwa muda mrefu.

"Hawa wanafua wapi?" akauliza. "Wala nywele haziwaoti. Sioni kinyozi."

Waliachwa kwenye benchi saa mbili na nusu. Watu waliokuja nyuma yao na bahasha waliingia mbele yao. Hatimaye wakaitwa na afisa wa mipango, kijana mwenye miwani na shati la rangi ya maziwa lililopigwa pasi hata mikono ikakata hewa. Dobi aliisalimu kola kwanza, uso baadaye. Aliiangalia kwa jicho la mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Afisa akafungua daftari. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, na huyo akamwita wa tatu.

"Mzee," afisa akasema, akijitahidi kuzuia midomo, "umeniletea pingamizi au mchoro wa kitambaa cha meza?"

Walicheka watatu. Dobi aliona masikio yake yanapata moto.

"Hayo ni majina, mheshimiwa."

"Majina ya nani?"

"Ya watu."

"Huyu hapa anaitwaje? Huyu mwenye... hii ni nini, pweza?"

"Huyo ni fundi wa redio. Si pweza, ni jua. Wino ulimwagika kidogo."

Afisa akafunga daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka aliyepata kichekesho siku ya Ijumaa. "Sikiliza, mzee wangu. Siwezi kupokea kitu ambacho hakitambuliki. Ila sitaki kusemwa. Jumanne saa nne kamati inakaa, na mimi ndiye mwenyekiti. Kila mwenye alama aje mwenyewe athibitishe kuwa ni yake. Atakayekuja nitamhesabu. Asiyekuja namfuta."

Alisema hivyo akiwa na uhakika kwamba Jumanne saa nne watu wako kazini, na kwamba walioogopa kuandika jina hawatathubutu kuleta uso. Hesabu hiyo wanaipiga vizuri siku zote.

*

"Baba! Nilikwambia majina!"

"Si ndiyo hayo? Huyu wa duara na mkia ni mwalimu."

"Anayejua hivyo ni wewe peke yako duniani!"

"Na mama yako."

Binti alimgeukia mama yake kutafuta msaada, akakuta mama kajifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika. Alidhani analia. Taulo liliposhuka, lilikuwa cheko.

"Nimeolewa na mtu gani mimi?" Mama Pasi akasema akifuta machozi. "Siku ya harusi yetu mwenye ukumbi alimuuliza jina la mchumba, akasema, 'Yule wa msalaba na nukta mbili.' Nikajua hapa nimefika."

Hata dobi akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeumia. Kisha akakaa kwenye beseni lililopinduliwa. "Nimewaharibia. Kama ningeandika majina, leo yangekuwa yamepokelewa."

"Kama ungeandika majina, ungepata thelathini," Kinyozi akasema. "Wengi walikubali kwa sababu jina halipo. Sasa mnawaambia wakasimame hadharani, mbele ya kampuni, waitwe mmoja mmoja? Hawaji hao."

Kwenye kamba shuka zilipiga makofi kwa upepo.

"Nguo za nani ziko tayari Jumatatu?" Mama Pasi akauliza ghafla.

"Za wote," dobi akasema. "Jumatatu ndiyo siku ya kurudisha."

"Basi zirudi na ujumbe. Mtu anaweza kukufungia wewe mlango, lakini hawezi kulifungia mlango shati lake mwenyewe."

Jumapili nzima binti alikata vikaratasi, na Mama Pasi akavibana kwa pini ndani ya kola, juu ya kila alama. Viliandikwa maneno matano tu, kwa kuwa habari ya kamati ilikuwa imeshazagaa mtaani: *Kesho saa nne. Vaa hii.* Nguo zilipigwa pasi kama za arusi. Hata za mwuza mkaa, ambazo kwa kawaida hurudi kama alivyozileta, zilitiwa mkunjo unaoweza kukata mkate.

Mlinzi wa benki alikirudisha kikaratasi chake mwenyewe, amevua kofia. "Mama, nisamehe. Mkopo wa jengo lile umetoka kwetu. Wakiniona, nimekwisha."

"Hujakosea kitu, mwanangu," Mama Pasi akamwambia. "Una watoto. Suruali zako zilizobaki njoo uzichukue kesho." Alimaanisha alichosema. Ila suruali hizo zilipotoka mezani, mguu mmoja ulikuwa na mikunjo miwili.

*

Jumanne saa tatu na nusu dobi, mkewe na binti walikuwa peke yao mbele ya ukumbi. Saa nne kasorobo walikuwa na Kinyozi, ambaye aliwaacha wateja wawili na mapovu. Dobi alikuwa akivuta uzi kwenye mkono wa shati lake, na Mama Pasi alimpiga kofi la vidole kila baada ya dakika.

Kisha wakatokea wauguzi wanne, waliotoka zamu, sare nyeupe hadi macho yakauma. Nyuma yao mwalimu na wazazi aliowakusanya. Fundi wa redio. Mwuza mkaa, ambaye hakuna aliyemtambua, kwa kuwa alikuwa safi. Walikuja wawiliwawili, wanatazama chini, kisha walipoona wengine wakatazama mbele. Saa nne kamili bawabu alitafuta viti, vikaisha, akatafuta mabenchi, yakaisha, akaacha kutafuta.

Msemaji wa kampuni alianza. Alikuwa na kitochi chekundu cha kuonyeshea ramani. "Hapa," akasema, nukta nyekundu ikicheza juu ya uwanja wa dobi, "pana eneo ambalo kwa sasa halitumiki."

Ukumbi uliangua kicheko. Si kelele za hasira. Kicheko cha watu zaidi ya mia mbili waliovaa nguo zilizokaukia hapo hapo kwenye nukta.

Afisa aligonga meza. Akafungua daftari jeusi, na hapo ndipo alipogundua shida aliyojiwekea. Alama haisomeki kwa sauti. Inabidi uieleze.

"Wa kwanza," akasema. "Ni... duara. Lina mkia."

"Mimi hapa!" Mwalimu akasimama, akageuza kola, akasogea mbele. Katibu wa kamati aliinama, akatazama kola, akatazama daftari. "Ni yenyewe."

"Wa pili. Pembetatu yenye... masikio?"

"Ya punda au ya paka?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Mafupi."

"Basi ni yangu. Ya punda ni ya shemeji."

Ilipofika ya ishirini, ukumbi mzima ulikuwa unamsaidia mwenyekiti kueleza. Ilipofika ya hamsini, waliokuja wanatetemeka walikuwa wamegeuza kola kabla hawajaitwa, shingo nje kama watu wanaongojea kunyolewa, na Kinyozi aliwaambia hivyo. Fundi wa redio alisimama kwa heshima zote akatangaza, "Mimi ndiye pweza." Msemaji wa kampuni alizima kitochi chake.

Kisha afisa akafikia alama moja, akainamisha kichwa kuitazama vizuri. "Nusu duara. Nukta tatu juu. Na kijiti."

Hakuna aliyeitika.

"Nusu duara, nukta tatu, kijiti," akarudia.

Watu wakatazamana kola. Msemaji alisimama haraka. "Mheshimiwa mwenyekiti, mmeona. Hili ni daftari la uongo. Kama jina moja limebuniwa, mangapi mengine? Naomba lote litupwe."

Dobi alikwenda mbele. "Samahani, mheshimiwa. Mwenye alama hiyo yumo humu. Hawezi kusimama kwa sababu hajui kama ni yake."

"Yuko wapi?"

"Naomba katibu aangalie kola yako."

Katibu, mama mtu mzima asiyemwogopa mtu, hakungoja ruhusa. Alimvuta mwenyekiti kola kama anayemvalisha mtoto wa shule, akavaa miwani yake. "Nusu duara," akasoma. "Nukta tatu. Na kijiti."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi duka la fotokopi.

"Mimi sikuandika pingamizi lolote!" afisa akapaaza sauti, mishipa ya shingo ikimtoka.

"Nimeandika mimi!" Mlangoni aliingia bibi mmoja anachechemea, kashika fremu ya mlango. "Mniwie radhi, jamani, magoti haya. Nimechelewa. Alama ni ya nyumba yangu, ile ya kona."

"Mama?" afisa akasema. "Wewe hupeleka mashati yangu kwa..."

"Kila Ijumaa. Ulidhani yanajifua? Kule kwenye mashine za kufulia walikuchania mawili, ukanuna wiki nzima. Wewe unatoka na gari alfajiri, unarudi na gari, mtaa unauona kwenye kioo. Mimi ninatembea." Akajisogeza mbele, watu wakimpisha. "Na kwa kuwa niko hapa, niseme neno langu moja. Mwanangu, gari haliwezi kugeuka pale. Pana ngazi, pana mfereji, pana foleni ya maji. Barabara ya nyuma ni pana. Lango liende nyuma. Basi. Nipe kiti."

Wanaume sita waliinuka kumpisha.

Msemaji wa kampuni alikuwa na la mwisho. Alimgeukia dobi. "Na wewe mwenye mabeseni? Alama yako ni ipi?"

Dobi akalitazama daftari. Akashika kola yake, akaigeuza, naye binti akaona kabla ya watu wote: palikuwa peupe. Nguo zake mwenyewe hakuzitia alama maisha yake yote, kwa kuwa alizijua. Alikuwa amepita milango mia mbili na kumi na nne, akasahau wa kwake.

"Sina," akasema.

"Basi mwenye uwanja hana pingamizi!" msemaji akashangilia.

Afisa alikuwa akirekebisha kola, taratibu, kama mtu anayeikagua kwa mara ya kwanza. "Ni kweli," akasema. "Pingamizi la dobi halimo, na muda umepita. Nitamfuta." Akaandika kitu. "Wanabaki hao wengine. Katibu, wangapi?"

"Mia mbili na tisa, na mama yako ndani."

"Kampuni ichore upya. Lango barabara ya nyuma, bomba na uwanja vibaki kama vilivyo. Mlete ramani ndani ya mwezi."

Waliileta baada ya miezi miwili, huku wamenuna. Hatukuwashukuru, hatukuongezewa kitu ambacho hatukuwa nacho. Lakini ilibandikwa bombani ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, na mchoraji alikuwa amechora mistari sita myembamba sana, akaandika pembeni: *kamba*.

*

Siku ile ya Jumanne waliporudi, jua lilikuwa bado na saa mbili za kazi. Mama Pasi alianika alichoweza, kisha akachukua chupa ya wino na kalamu ya ncha nyembamba.

"Vua shati."

"La nini? Ni safi."

"Vua, nimesema. Wamekufuta mbele za watu."

Dobi akalivua, akabaki na fulana, Kinyozi akipiga mbinja kutoka kibandani. Mama Pasi alikunja kola juu ya meza ya pasi, akafikiri. Akachora nguzo mbili ndogo na kamba katikati. Kwenye kamba akaning'iniza msalaba na nukta mbili.

"Hiyo ni yako," dobi akasema.

"Inakaa kwako. Kuna ubaya?"

Alilitazama kwa karibu, akilipulizia likauke. "Umelichafua, mama watoto. Wino huu hautoki, hata kwa jiki."

"Ndiyo maana nikautumia," akasema, akamrushia kibanio.